Giza Lililoshonwa

Jua la saa sita likipiga barabara ya Chalinze kwenda Segera, dereva huona vitu viwili mahali pamoja. Huiona lami, na juu ya lami huiona dashibodi ya gari lake mwenyewe: matundu ya hewa, mfuniko wa spika, risiti ya mafuta iliyosahaulika, kisanduku cha tishu kinachoelea kifuani mwa lori linalokuja. Vyote vimepanda kiooni vikakaa. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena kuwa ni tatizo. Tunakunja uso, tunateremsha kizuia jua ambacho hapo hakina msaada, na tukifika Korogwe tunasema kichwa kinauma kwa sababu ya safari.

Dawa ipo, nayo ni kitambaa cheusi kisichong'aa, kilichokatwa kwa umbo la dashibodi hiyo na si nyingine. Wanaokitengeneza ni mafundi wa kushona siti za magari, wale unaowakuta katika mitaa ya magari kama Gerezani jijini Dar es Salaam, wamezungukwa na sponji, mikasi na viti vilivyong'olewa. Kwao ni kazi ndogo inayochomekwa katikati ya kazi kubwa za siti. Kwangu ni miongoni mwa kazi za mikono zinazostahili heshima kuliko zinavyopewa, na sababu ni hii: haipimwi kwa kuitazama. Siti mpya unaisifu kwa kuiangalia, unaipapasa, unamwita jirani aone. Kifuniko cha dashibodi unakipima kwa kutazama kitu kingine, yaani barabara. Fundi hushona kwa ajili ya kioo, na kioo hakihongeki kwa urembo.

Ili kumwelewa fundi huyu, inafaa kwanza kukielewa kioo chenyewe. Kioo cha mbele cha gari ni vipande viwili vya kioo vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati. Mwanga ukikipiga moja kwa moja, kila uso wake hurudisha kiasi cha asilimia 4. Lakini kioo cha gari la siku hizi kimelala ili kukata upepo, na macho ya dereva hukikuta kwa mshazari. Kadiri mshazari unavyozidi, ndivyo kioo kinavyogeuka kuwa cha kujitazamia. Kikilala kiasi cha digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, nyuso zake mbili kwa pamoja hurudisha karibu sehemu moja ya sita ya mwanga unaokifikia kutoka kwenye dashibodi, na kuuleta machoni. Land Rover za zamani, zenye kioo kilichosimama na dashibodi nyembamba, hazikuwa na shida hii kwa kiwango hiki. Tulipopata magari yenye pua laini na kioo cha kulala, tulipata pia dashibodi pana kama meza, na meza hiyo ikaanza kuonekana angani.

Madhara yake hayagawanyiki sawa. Ukuta mweupe unaopigwa na jua utauona tu, hata kioo kikiwa kimejaa mng'ao. Vinavyofutika kwanza ni vile vilivyo gizani: shimo lililojificha ndani ya kivuli cha mwembe, mbuzi mweusi ukingoni, mama aliyevaa nguo za rangi nzito akisubiri kuvuka chini ya mti. Kivuli barabarani kina mwanga kidogo sana ukilinganisha na lami iliyo juani, na dashibodi ya rangi ya krimu inaweza kutupa juu yake mwanga mwingi kuliko huo wa kivuli chenyewe. Dereva haoni giza la kumtahadharisha. Anaona ukungu mweupe, na ndani ya ukungu hakuna mtu. Umri nao unaongeza tatizo, maana jicho linalozeeka husambaza mwanga zaidi ndani yake, na mwenye mtoto wa jicho anayeanza hutiwa kiwi na mng'ao ambao kijana hata hautaji. Na sisi tuko chini ya jua lenyewe. Dar es Salaam hupitiwa na jua utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba, na hata katika miezi mingine adhuhuri yake huimwagia dashibodi mwanga bila huruma.

Madereva wa mashindano walilijua hili zamani. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliwaweka watu usukanini mchana kutwa kwenye vumbi na jua. Ukitazama picha za Datsun 240Z zilizoshinda mwaka 1971 na 1973, utaona gari ni jekundu lakini boneti ni nyeusi, nyeusi isiyong'aa. Haikuwa mapambo, boneti inayong'aa humrudishia dereva jua machoni. Baadaye magari ya mashindano yakaanza kuvishwa ndani pia, dashibodi zikipakwa gundi na kunyunyiziwa nyuzi fupi nyeusi zinazosimamishwa kwa umeme tuli mpaka uso wote uwe na manyoya madogo. Fundi wetu wa siti hana mashine ya kusimamisha nyuzi kwa umeme. Ana mkasi, cherehani na subira.

Fundi niliyekaa kwenye benchi lake huanza kazi kwa jambo ambalo wateja hawalitarajii: anaosha dashibodi. Vijana wa kuosha magari wana desturi ya kuimalizia kazi yao kwa polishi, dashibodi ikabaki inametameta, na mwenye gari akaondoka anajiona ametendewa wema. Kwa upande wa kioo, hakuna tendo baya kuliko hilo. Plastiki ya dashibodi ilitengenezwa kiwandani na vinyweleo vidogo ili itawanye mwanga; polishi huvijaza vinyweleo hivyo na kuugeuza uso wote kuwa kioo cha pili. Kwa hiyo fundi anachukua maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa, anasugua mpaka mng'ao wa mafuta uishe. Kisha anaingia ndani, anajipinda, na kusafisha upande wa ndani wa kioo cha mbele, mahali ambapo wengi hatufiki. Pale pana utando mwembamba wa mafuta. Plastiki mpya ikipashwa joto hutoa mvuke wa viungo vyake vya kulainishia, na mvuke huo hutua kiooni. Kuna magari ambayo nusu ya malalamiko ya mwenyewe huisha hapohapo, kabla kitambaa hakijaguswa, na fundi huyu huwaambia wateja ukweli huo ingawa unaweza kumpotezea kazi.

Mteja wa siku hiyo alikuwa dada mmoja mwenye gari dogo la Kijapani, ndani rangi ya krimu. Fundi alimwomba aliegeshe likitazama mlango wa ghala lililo wazi, lenye giza ndani, jua likiwa juu.

"Dada, kaa unavyokaa siku zote. Siti iweke unavyoiweka wewe, si kwa ajili yangu."

Akakaa. Fundi akasimama mlangoni na chaki.

"Tazama mle ghalani. Unaona nini?"

"Naona magunia."

"Na juu ya magunia?"

Akanyamaza kidogo, akainamisha kichwa, akakirudisha. "Hivi vitundu vya hewa. Na huu mstari hapa kati."

Fundi akaweka kidole kwenye dashibodi, akakisogeza taratibu, akimuuliza lini kidole kinafika juu ya magunia. Kila alipoambiwa "hapo", alitia alama ya chaki. Nilivutiwa na kitendo hicho kuliko yote niliyoyaona baadaye. Taswira ya dashibodi kiooni husimama wima kama ukuta: sehemu iliyo karibu na kioo huonekana chini, jirani na boneti, na sehemu iliyo karibu na dereva huonekana juu. Katikati ya dashibodi, pale ambapo watu hupenda kutupia simu na karatasi, ndipo mara nyingi panapolingana na upeo wa barabara. Na ulinganifu huo hubadilika na urefu wa mtu. Mtu mfupi aliyesogeza siti mbele ana sehemu yake ya hatari, mrefu aliyelaza siti ana yake. Kifuniko cha kununua hakiwezi kujua hayo. Fundi huyu alijua kwa kuuliza.

Kutoka hapo anaingia kwenye paterni, na hapa sina budi kukawia, maana hapa ndipo ufundi ulipo.

Dashibodi haina sehemu iliyo tambarare kweli. Inapanda kuelekea geji, inajikunja kwenye kofia yake, inashuka katikati, inapinda kufuata kioo, na mara nyingi inapinda pande mbili kwa wakati mmoja. Karatasi hukubali kupinda upande mmoja tu. Ukiilazimisha kwingine inajikunja au inachanika, na kitambaa nacho hufanya hivyo hivyo kwa aibu kidogo, kikificha mkunjo mpaka jua litakapoufichua. Kwa hiyo fundi hafuniki dashibodi kwa karatasi moja. Anachukua karatasi ya kaki, anaikata vipande virefu, anavibandika juu ya dashibodi kwa gundi ya karatasi ya wapaka rangi, kipande kikipanda juu ya kingine. Panapokataa kulala anapasua kwa wembe, anaacha karatasi ifunguke au ipandane yenyewe, kisha anafunga pale ilipotulia. Mipasuo hiyo ndiyo itakayomwambia mshono ukae wapi. Hachagui mshono kwa kupenda. Anausubiri ujitokeze kwenye karatasi.

Halafu anapiga mistari. Anatumia kalamu ya risasi iliyolazwa ubavu, akisugua juu ya karatasi mpaka kingo za matundu zijichore zenyewe. Tundu la hewa ya kioo analikata kwa uangalifu zaidi, na huacha nafasi ya milimita chache kila upande. Masika ikipiga na kioo kikajaa ukungu, hewa hiyo ndiyo itakayomrudishia dereva macho. Kifuniko kinachoziba tundu hilo kimeondoa mng'ao wa mchana na kuleta upofu wa mvua. Anatafuta pia vitufe vidogo vyeusi vya mviringo ambavyo wengi wetu hatujui kazi yake. Kimoja hupima jua ili kiyoyozi kijipange, kingine hupima mwanga ili taa ziwake zenyewe. Vikifunikwa, gari litadhani ni usiku. Spika nazo hupewa nafasi yake. Kila kipande cha karatasi kabla hakijang'olewa hupewa alama fupi zinazovuka mpaka kwenda kwenye kipande jirani, ili mezani vikutane palepale vilipokutana garini.

Upande wa abiria kuna neno jingine kabisa. Pale kwenye herufi SRS zilizochapwa juu ya dashibodi kuna eabegi, na mfuniko wake hufunguka kwenda juu. Ajali ikitokea, begi hilo hujaa kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na chochote kilicho juu yake kitarushwa au kitalizuia. Fundi huyu haweki kitu juu ya mfuniko huo. Hakati mstari mwembamba wa kupasukia, hafungi kwa velkro akitumaini itaachia. Anapaacha wazi, na kingo za kitambaa anazirudisha nyuma ya mfereji wa mfuniko. Wateja hubishana naye, wanasema panaharibu sura. Panaharibu, ni kweli, na kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara, mng'ao wa sehemu hiyo huangukia upande ule wanaosimama watembea kwa miguu. Anachofanya ni kupasugua vizuri, kumkataza mwenye gari kupapaka polishi tena, na kuishia hapo. Nakubaliana naye kabisa. Fundi anayefunika eabegi kwa sababu mteja ameomba hastahili kupewa gari lingine.

Ukiinua macho kwenye paa la banda lake utaona vipande vya vitambaa vyeusi vimebanwa kwa mawe juu ya bati. Ni majaribio yake. Kila kitambaa kipya kinachoingia dukani Kariakoo anakikata kipande, anakiweka juani nusu kimefunikwa na nusu kiko wazi, na baada ya miezi anafunua alinganishe. Nyeusi si rangi moja. Nyingine hugeuka kahawia, nyingine hugeuka zambarau iliyofifia, na chache hubaki zilivyo. Hizo mara nyingi ni zile ambazo rangi iliingizwa kwenye plastiki yenyewe kabla haijavutwa kuwa uzi. Subira hii ina sababu yake. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, walichapisha vipimo vya magari yaliyoachwa juani majira ya joto: baada ya saa moja, dashibodi zilikuwa zimefika wastani wa nyuzijoto 69 hivi. Kitambaa kinachoishi hapo kinaishi jikoni.

Mbele ya mteja huweka aina tatu. Mahameli nyeusi ndiyo nyeusi kuliko zote; mwanga ukiingia katikati ya manyoya yake hugonga huku na huku mpaka uchoke, na nzuri yake hurudisha kiasi cha asilimia 1 tu ya unaoiangukia. Suedi bandia inafuata, ni laini na hulala vizuri kwenye mipindo. Ya tatu ni kapeti fupi la magari, lile la nyuzi zilizosokotwa kwa kuchomwa sindano, ambalo mkononi halina raha yoyote. Mtu angetarajia fundi asifie mahameli. Yeye huuliza kwanza gari linakwenda wapi. Vumbi ni rangi nyepesi, na vumbi jekundu la Dodoma na Singida likitua kwenye mahameli hukaa juu ya manyoya na kuirudisha dashibodi kwenye rangi ya krimu ilikotoka. Kapeti hukung'utwa mlangoni, likagongwa kwa mkono, likaendelea na kazi. Kwa mtu wa mjini anayelaza gari ndani ya uzio, mahameli. Kwa mtu wa barabara za vumbi, kapeti. Ningekuwa na gari la shamba ningemsikiliza.

Dada alichagua mahameli. Fundi akakata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakiweka kwenye alama ya chaki iliyo katikati, akakaa mwenyewe kwenye siti ya dereva na kushusha mabega mpaka macho yake yalingane na ya mwenye gari. Mahameli ina upande manyoya yanapolalia. Akakizungusha kipande robo, akatazama; akakizungusha tena. Katika muda wote huo hakukitazama kitambaa hata mara moja. Macho yalikuwa kwenye kioo, juu ya mlango wenye giza, akitafuta ni mlalo upi unaotoweka zaidi. Alipoupata akachora mshale wa chaki mgongoni mwa kitambaa, na kila kipande kilichokatwa baadaye kilifuata mshale huo, hata kama kwa kufanya hivyo alipoteza kitambaa kingi pembeni. Fundi mwenye haraka angevipanga vipande vibane nafasi, vingine vikiwa kichwa chini. Vingeshonwa vizuri, vingeonekana vizuri mezani, na kiooni vingekuwa mabaka.

Hapo ndipo dada alipouliza habari ya uzi mwekundu. Alikuwa ameona siti za mtu zimeshonwa nyeusi kwa uzi mwekundu zikampendeza, akataka dashibodi ifanane. Fundi hakumkatalia. Alivuta uzi mwekundu kutoka kwenye rola, akaunyoosha juu ya kile kipande cha mahameli, akamwita akae.

"Haya, tazama magunia."

Mstari mwekundu ulikuwa umesimama katikati ya mlango, umekata magunia mara mbili.

"Weka mweusi, fundi," alisema.

Kushona kwenyewe hakuna mengi ya kusimulia, kwa kuwa maamuzi yameshafanyika. Uzi ni wa poliesta, maana nailoni huchoka mapema juani. Sindano ni nene kiasi, hatua za mshono ni ndefu kidogo ili kitambaa kisitobolewe kikawa kama stempu inayosubiri kuchanwa. Manyoya ya mahameli hupenda kutembea, kipande cha juu kikamkimbia cha chini, hivyo huvifunga kwanza kwa mishono mirefu ya mkono kabla ya kuviweka chini ya mguu wa cherehani. Pindo la nje hulikunja kwa utepe wa pamba usio na nuru. Utepe wa satini ungechora mpaka mweupe kuzunguka kioo kizima. Mshono ukishapita, haupigi pasi. Mahameli ikibanwa na pasi kwa juu, manyoya hulala yasiamke tena, na palipolala hung'aa. Badala yake huchemsha birika, hukishika kitambaa kwa mgongo juu ya mvuke, na kwa vidole huufungua mshono ndani ukae bapa. Kapeti ndilo analolipiga pasi, kupitia kitambaa kibichi, likiwa limelazwa juu ya dashibodi yenyewe; nyuzi zake za plastiki zikipashwa na kupoa papo hapo hukumbuka umbo zililopoea.

Kukifunga nako kuna hila zake. Gundi haitumii kwenye dashibodi. Joto lile hulainisha gundi nyingi za kawaida, kitambaa kikateleza, na kikiondolewa siku moja huacha madoa ya kudumu. Upande wa kioo hushonea ulimi mwembamba wa plastiki ngumu ndani ya pindo, nao huingia kwenye ufa ulioko kati ya dashibodi na kioo na kushika hapo. Upande wa dereva huweka vipande vichache vya velkro, pale tu ambapo kona ingeinuka. Kisha hupitisha kiganja kutoka katikati kwenda kingo, akisikiliza kwa ngozi kama kuna mahali panapopumua. Palipo na hewa patainuka, na palipoinuka patapata jua kwa pembe nyingine.

Dada alipokaa tena, ghala lilikuwa na magunia, na nyuma ya magunia kulikuwa na baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Ilikuwa pale tangu asubuhi.

Mtu anaweza kuuliza kama miwani haitoshi. Ile miwani ya jua yenye vioo vya kuchuja mwanga wa mlalo husaidia kweli, kwa kuwa mwanga unaorudishwa na kioo kilicholala kwa mshazari huu huwa umechujwa tayari upande mmoja, na miwani huuzuia karibu wote. Fundi mwenyewe anayo. Lakini miwani hiyo huyazima maandishi kwenye baadhi ya skrini za simu na redio, na pia huipunguza nuru ya barabara yote, vivuli vikiwemo. Kitambaa huondoa kilichozidi na kuacha kilichobaki kama kilivyo. Ndiyo maana mwenye macho dhaifu hufaidika nacho kuliko kijana, na ndiyo maana ningependa kukiona kwenye magari ya wazee kabla ya magari ya fahari.

Kabla hajamkabidhi funguo, alimpa maagizo mafupi. Kifuniko kitolewe kila kikionekana kijivu, kikung'utwe, kipigwe brashi laini kufuata mshale ulioko mgongoni. Kifuliwe kwa maji baridi, kianikwe kivulini. Kisanduku cha tishu kihamie kwenye mlango. Na vijana wa kuosha gari waambiwe mapema, kabla hawajafungua chupa.

Paterni ya gari lile hakuitupa. Aliiandika kwa kalamu nene aina ya gari, mwaka wake, "sensa 2, eabegi abiria", na chini yake kimo cha dereva kwa makadirio, kisha akaikunja na kuitundika kwenye waya pamoja na nyingine zilizojaa ukuta mzima, baadhi zimegeuka rangi ya chai kwa ukongwe. Vijana waliojifunza kwake na kuhamia mikoani humpigia simu kumwomba vipimo. Huwatumia picha, na huwaambia wasikate kitambaa kabla hawajamkalisha mwenye gari na kumuuliza anaona nini. Jioni hiyo liliingia gari la aina ileile, rangi ileile ya krimu, mwenyewe mzee mrefu mwenye miwani minene. Paterni ilikuwa inaning'inia mkono mmoja tu kutoka kichwani pa fundi. Akamsalimu mzee shikamoo, akamwomba aegeshe kuelekea ghalani, na akaanza kutafuta chaki.